Jinsi Nilivyojifunza Kuwasha Dizeli Kwenye Baridi ya Kilungu

Nilikuwa mpishi kabla sijawa dereva. Nawaambia mapema ili msishangae mkinisikia nikitaja sufuria na injini kwa pumzi moja. Miaka ishirini na kitu niliendesha gari la shule huko Kilungu, na mpaka leo nikikutana na nyinyi vijana wenye magari ya kubonyeza kidude tu yakanguruma, mnaniita nyanya kwa Kikamba, mkiniuliza, "Susu, ni kweli zamani mlikuwa mnachemshia gari maji?" Ni kweli. Na kama kuna mmoja wenu aliyeachiwa na babu yake gari kuukuu la dizeli, asikilize vizuri, kuna la kumfaa.

Watu wakisikia Ukambani wanafikiria jua na vumbi. Waende Kilungu mwezi wa saba. Shule yetu ya wasichana ilikuwa juu mgongoni mwa kilima, na asubuhi ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaingia mpaka jikoni kwangu. Nguo ulizoanika Jumatatu ulizianua Alhamisi, na bado kola ilikuwa na unyevu. Barafu hatuna, lakini injini ya dizeli iliyochoka haingojei barafu ndiyo igome.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu ya kijani yenye turubai nyuma, na ilifika shuleni ikiwa tayari imezeeka. Dereva wake aliitwa Kimeu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, wa maneno machache, anayevaa koti la mvua hata kiangazi. Kila asubuhi ya baridi alisimama mlangoni mwa jiko langu na debe mkononi.

"Mama Musyoka, maji ya moto."

"Ya kuoga?"

"Ya gari."

"Kwani gari inaoga?"

"Wewe pika uji. Mambo ya injini niachie mimi."

Basi nilimpa maji, na nikawa napika uji huku nikichungulia dirishani. Dirisha la jiko lilitazama pale alipoliegesha gari, juu ya mteremko, na hivyo niliona kila kitu. Sikuwa na nia ya kujifunza. Lakini ukiangalia mtu akifanya jambo lile lile kila siku, mikono yako inaanza kujua kabla kichwa hakijaamua.

Niwaambie kosa langu la kwanza, maana lilijulikana shule nzima. Siku moja Kimeu alikuwa na homa, naye mwalimu mkuu alitaka kwenda mkutanoni. Nikaona umande umetanda kwenye kioo cha mbele, nikasema ngoja nisaidie. Nikabeba sufuria ya maji yanayotokota nikayamwaga yote juu ya kioo. Kilipasuka kutoka kona hadi kona, kwa mlio ambao wasichana waliusikia wakiwa bwenini.

Mwalimu mkuu wetu, Bi. Muthoki, alikuwa mama mnene, mkali, mlokole kweli kweli, na hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alikizunguka kile kioo polepole.

"Mama Musyoka," akasema, "mahindi ukiyachemsha yanaiva. Kioo nacho ulitarajia kifanye nini?"

Nikarudi jikoni na sufuria yangu. Muda mrefu Kimeu aliendesha kioo kikiwa na ufa, na kila akipita dirishani mwangu alikuwa anaugonga kwa kidole ili niuone. Kwa hivyo la kwanza ni hilo: kitu cha baridi usikitupie maji yanayotokota. Ukitaka kupasha rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, mwaga yale maji baridi yaliyomo, tia ya uvuguvugu kwanza, subiri, yatoe, halafu ndiyo utie ya moto zaidi. Fanya kama unavyomwogesha mtoto mchanga.

Kilichonifanya nipokelewe na Kimeu ni moshi. Mpishi wa kuni anajua moshi kuliko mtu yeyote. Moshi mweusi una maana yake, mweupe una maana yake. Wiki moja nikaona kila akiwasha gari linatoa moshi mweupe mzito, unauma macho, na injini inatikisika kama mzee anayeshuka ngazi. Nikatoka nje nikiwa na mwiko.

"Kimeu, hiyo gari yako inachoma kuni mbichi."

"Inachoma nini?"

"Moshi mweupe ni kuni haijashika moto. Kuna mahali ndani hapajashika."

Akacheka. Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona meno yake. Halafu akaacha kucheka, akafungua boneti, akakaa pale mpaka uji ukaisha. Alirudi mchana akiwa na kitu kidogo cha chuma, ncha yake imeungua.

"Hita moja imekufa," akasema. "Hii ndiyo inapasha ndani kabla ya kuwasha. Ziko nne. Tatu zinafanya kazi, moja imelala." Akakigeuzageuza kile chuma. "Kuni mbichi," akarudia, na akaenda zake.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tunakwenda Emali kununua maharagwe ya shule. Kazi ya kuchagua maharagwe ilikuwa yangu, na siku zote nilikuwa nakaa nyuma chini ya turubai pamoja na magunia. Siku hiyo Kimeu akafungua mlango wa mbele, akasubiri. Nikapanda.

Emali kulikuwa na fundi mmoja Singasinga, mzaliwa wa Makindu, tukimwita Mzee Pritam. Ndevu zake zilikuwa nyeupe, na karakana yake ilikuwa safi kuliko nyumba za watu wengine. Kimeu akampa ile hita, akanielekeza kwa kidevu. "Huyu mama ndiye alijua. Kwa moshi."

Mzee Pritam akanitazama. Akaenda ukutani, akatoa pampu ya baiskeli, akaziba tundu lake kwa kidole gumba, akapampu kwa nguvu mara kumi hivi.

"Shika hapa chini, mama."

Nikashika. Palikuwa pa moto.

"Nani ameweka moto hapa? Hakuna. Ni hewa tu, nimeibana. Gari ya petroli iko na cheche. Dizeli hapana. Dizeli inabana hewa mpaka hewa inakuwa moto, halafu mafuta inaingia, inashika. Sasa asubuhi ya baridi, chuma yote baridi, injini mzee, haibani vizuri. Hewa haipati moto ya kutosha. Ndiyo hita inasaidia. Na oili nayo ikiwa baridi inakuwa nzito kama asali, stata ya kuanzisha injini inazunguka pole pole. Ukizungusha pole pole, haibani. Umesikia?"

Nilisikia. Walimu walinisomesha mpaka darasa la nne tu, lakini somo lile lilikaa kichwani kwangu kuliko yote niliyosoma. Mzee Pritam akaongeza moja, akiinua kidole: "Mtu akikwambia weka kitambaa cha petroli mdomoni pa hewa, iwake haraka, wewe kataa. Itawaka, ndiyo. Lakini inapiga injini kama nyundo."

Kuna dereva wa muda tuliyepewa wakati Kimeu yuko likizo, jamaa mchangamfu kutoka mjini, ambaye alifanya hivyo hivyo. Wiki tatu aliwasha gari kwa kitambaa cha petroli, akitucheka sisi na maji yetu. Mwishoni gari likawa haliwaki bila kitambaa, kama mlevi asiyeamka bila kunywa. Lilipofunguliwa, ringi mbili za pistoni zilikuwa zimevunjika. Kimeu aliporudi alikaa chini kwenye jiwe akatazama zile ringi kama mtu aliyepokea barua mbaya.

Baada ya hapo alinifundisha kuendesha, wakati wa likizo, kwenye uwanja wa michezo. Hakuwa mwalimu mpole. Nikikosea gia, alifunga macho. Lakini alinifundisha, na wanawake wa kijiji walipita kando ya ua kwa makusudi ili waone. Leseni sikuwa nayo. Sikuifikiria hata. Nilifikiri ninajifunza ili nijue tu.

Sasa niwaeleze asubuhi ile ya Mwende.

Ilikuwa mwezi wa saba. Kimeu alikuwa amekwenda Kitui kumzika ndugu yake, na angekaa siku nne. Kabla hajaondoka alisahau jambo moja, na simlaumu, mtu aliyefiwa. Desturi yetu ilikuwa jioni za baridi tunatoa betri ya gari na kuilaza kwenye stoo karibu na jiko, ipate joto la ukuta. Safari hii betri iliachwa ndani ya gari siku tatu mfululizo kwenye ukungu.

Alfajiri nikiwa ninawasha kuni, matroni akaja akikimbia. Jina lake lilikuwa Syombua, mama wa makamo asiyekimbia ovyo. Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mwende, alikuwa na maumivu ya tumbo tangu jana, upande wa kulia. Sasa alikuwa anatapika, mwili moto, na hawezi kunyoosha mguu.

"Hii si ya kungojea," Syombua akasema. "Nimeshaona hii. Ni kidole tumbo, ile ya kupasuliwa. Ikipasukia ndani, tutampoteza."

Simu ya shule ilikuwa imekufa tangu mvua za Aprili. Magari ya abiria hayakuwa yakipanda kwetu mpaka jua lishike, na siku za ukungu mengine hayakupanda kabisa. Bi. Muthoki alifika jikoni akiwa amejifunga leso juu ya nguo ya kulalia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona bila viatu vyake vya kisigino.

"Nani anaweza kuendesha ile gari?"

Walimu wawili wa kiume waliokaa shuleni walikuwa na baiskeli. Nikaufuta mkono kwenye aproni.

"Mimi naweza, Mwalimu. Lakini leseni sina. Na barabara ya lami sijawahi kuiendesha. Uwanja tu."

Alinitazama. Nilijua anaona kile kioo kilichopasuka.

"Kuiwasha je?"

"Kuiwasha najua."

"Basi iwashe. Polisi wakikushika, waje kwangu."

Nikaenda kwenye gari nikaushika ufunguo, lakini sikuuzungusha. Hapo ndipo vijana wengi wanapoharibu. Wanajaribu, wanajaribu, wanajaribu, na betri inakufa mikononi mwao. Kwenye baridi betri ina nafasi moja au mbili. Tayarisha kila kitu kwanza, ndipo uiombe.

Nikampa kila mtu kazi. Wasichana wa zamu ya jikoni wakaleta maji ya uvuguvugu, nikaosha rejeta nayo, kisha tukatia ya moto. Betri nikaitoa, nikaiweka karibu na ukuta wa jiko, na kuifunika gunia. Halafu ile oili nzito kama asali. Nililala chini nikapapasa kila mahali kuona kama kuna tone la mafuta linalovuja. Palikuwa pakavu. Nikachukua makaa yaliyokwisha kushika, mekundu, bila ulimi wa moto, nikayatandaza kwenye karai na kuyasukuma chini ya tangi la oili la injini. Mwalimu mmoja akasimama na ndoo ya mchanga. Jambo hili siwashauri. Nimewaona watu waliochoma gari hivyo. Nililifanya kwa sababu kulikuwa na mtoto analia bwenini, na sikuliacha lile karai hata kwa dakika moja.

Nikaweka mkono kwenye chuma. Mpishi anajua mkono wake. Kilipofika joto kama la ugali ulioepuliwa kitambo, nikatoa makaa, nikarudisha betri.

Mwende aliletwa akiwa amefungwa blanketi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Syombua akapanda naye, akampakata.

"Mwalimu," nikamwambia Bi. Muthoki, "hita zinataka muda. Kimeu alikuwa anahesabu kwa kuimba. Ubeti mmoja. Mimi sasa hivi siwezi kuimba."

Bi. Muthoki akashika mlango wa gari na kuanza kuimba wimbo wa kanisani, pale kwenye ukungu, kwa sauti nzito isiyotetemeka. Wasichana wakaupokea. Ubeti ulipoisha nikazungusha ufunguo. Stata ikazunguka, nzito, nzito, injini ikatoa moshi mweupe, ikapiga mara mbili, ikanyamaza. Nikajaribu tena. Stata ikasema "tk" na kufa.

Mwende akasema kwa Kikamba, polepole, "Mwaitu, nimechoka." Alikuwa anamwambia Syombua au mama yake mzazi asiyekuwepo, sijui. Lakini mimi ndiye niliyeitika ndani ya moyo.

Kulibaki mteremko. Kimeu hakuliegesha gari pale juu kwa bahati. Lakini mteremko ule ulikwisha kwenye kona ya kanisa, na baada ya kona kulikuwa na kupanda. Lisipowaka kabla ya kona, tungekwama chini na hakuna mtu wa kulisukuma kulirudisha. Nikaita wasichana wote. Walitoka kwa sweta za buluu, wengine na malapa, wakajipanga nyuma.

"Msiache mpaka niseme! Na ikishika, ondokeni nyuma, msivute ule moshi!"

Betri haikuwa na nguvu ya stata, ila kidogo ilikuwa bado nayo kwa hita. Bi. Muthoki akaimba tena. Nikakanyaga klachi, gia ya pili, maana ya kwanza hufunga magurudumu. Wakasukuma. Gari likaanza kujongea, likashika kasi, upepo ukaingia dirishani. Mguu wangu ulitaka kuachilia klachi mara moja. Nikakumbuka Mzee Pritam na pampu yake: ukizungusha polepole, haibani. Nikangoja. Kanisa likatokea kwenye ukungu. Nikangoja kidogo tena, Syombua akasema "Yesu," ndipo nikaachilia.

Gari likaruka kama punda aliyepigwa. Likakohoa. Likatoa wingu jeupe hivi kwamba kwenye kioo cha nyuma sikuona kitu. Likakohoa tena, silinda moja ikashika, ya pili, na kwenye kona yenyewe zote nne zikaitikia. Huko nyuma nikasikia wasichana mia mbili wakipiga vigelegele, na juu ya vigelegele sauti ya Bi. Muthoki: "Usiizime! Usiizime!"

Kwani nilikuwa na wazimu? Nilishuka mpaka Salama nikiwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili kama anayeshika mbuzi. Kwenye barabara ya Mombasa malori yalinipita yakipiga honi, na mimi nikayapisha yote. Tulifika hospitali ya Machakos watu wakiwa wanakunywa chai ya asubuhi. Wakampokea Mwende mara moja, wakamwingiza chumba cha kupasua.

Gari sikulizima. Niliogopa. Liliunguruma pale nje mpaka adhuhuri, na bawabu akaja kunilalamikia. "Mama, hiyo gari yako inakohoa kuliko wagonjwa." Nikamwambia anisamehe, nikiizima leo sitajua siku itakayowaka. Daktari alipotoka akasema tumefika dakika za mwisho kabisa, lakini tumefika, ndipo nilipoenda nikalizima. Halafu nikakaa kwenye ngazi nikalia, na yule bawabu akaniletea chai.

Mwende alirudi shuleni baada ya wiki kadhaa, amekonda, na akamaliza kidato cha nne. Baadaye akawa mwalimu.

Kimeu aliporudi kutoka Kitui alikuwa ameshasimuliwa njiani. Nilingoja anigombeze kwa yale makaa. Alilala chini ya gari, akatazama, akatoka, akajifuta magoti.

"Ulihesabu hita mpaka wapi?"

"Ubeti mmoja."

"Ikiwa na ukungu kama ule, ongeza na kiitikio."

Akarudi kwenye kazi yake. Lakini Jumatatu yake Bi. Muthoki aliniita ofisini, na Kimeu alikuwa amekaa pale, koti lake la mvua magotini. Wote wawili walikuwa wamekubaliana niende nikafanye mtihani wa leseni. Niliufanya mara mbili. Ya kwanza nilianguka kwa sababu niliegesha gari juu ya mteremko badala ya pale nilipoambiwa, na yule mtahini hakutaka kusikia sababu yangu. Ya pili nikapita. Jikoni akaingia mtu mwingine, nikawa dereva wa pili, na Kimeu alipostaafu nikawa wa kwanza, na nikabaki hivyo mpaka nami nilipostaafu.

Sasa kuna moja bado, halafu mwende mkafanye kazi zenu. Mume wangu alikuwa mtu wa reli Mombasa, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Barua tuliandikiana, lakini mambo ya leseni sikuyaandika. Nilitaka aone mwenyewe. Alipokuja likizo ya Disemba, Bi. Muthoki aliniruhusu nikampokee stesheni ya Emali. Treni ilichelewa, ikafika jua limetoka. Akashuka na sanduku lake la bati, akaniona nimesimama kando ya pikapu, akafurahi kwamba shule imetupa gari.

"Dereva yuko wapi?" akaniuliza, akitazama huku na huku.

"Panda, Baba Musyoka."

Akapanda. Nikazunguka, nikaingia upande wa usukani, nikawasha. Lilishika mara moja, asubuhi ile lilikuwa na adabu. Hakunitazama. Alitazama barabara, kisha miguu yangu, kisha barabara. Tulipita Sultan Hamud bila neno. Sikujua ni hasira au ni nini, nikaendelea kubadilisha gia.

Tulipoanza kupanda kwenda Kilungu akavua kofia yake ya reli, akaiweka magotini.

"Mimi nimekaa na mashine miaka kumi na nne," akasema, "na hakuna aliyewahi kuniruhusu kuendesha hata moja. Unaweza kunifundisha?"

Tulianza kesho yake saa kumi na mbili asubuhi, uwanjani, ukungu ukiwa bado umelala kwenye nyasi.